Hodi kwa Mjomba, Masika na Kiangazi

Walimu wenzangu pale Korogwe walinishangaa. Likizo ikifika, wao walikwenda Tanga mjini kwa ndugu zao, au wakapanda Lushoto kukimbia joto. Mimi kila likizo nilifunga kikapu changu nikaenda kwetu Handeni, ndani kabisa, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka Mkata. Walijua huko kulivyo. Kiangazi maji yalichotwa mbali na yalikuwa na rangi ya matope. Masika basi lilikwama kabla ya Kabuku, abiria tukashuka kusukuma, nguo zikachafuka mpaka kiunoni.

Mwalimu mmoja, mama wa Kishambaa niliyepanga naye nyumba moja Kwamndolwa, aliniuliza, "Mwenzangu, huko kwenu kuna nini hasa?"

Nikampa sababu ambazo mtu yeyote wa kwetu angempa. Nikamwambia aje masika aone mchunga unavyojiotea wenyewe shambani, tuupike na nazi, tule na bada, ugali wa muhogo mpya. Aje kipupwe, wakati wa kuvuna, asubuhi ina baridi na watu wanaota moto wa magunzi. Aje vuli apate uyoga na kunde changa. Aje kiangazi, asali inaporinwa, mtu anatembea na nta mkononi akitafuna njia nzima.

Yote hayo yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililonipeleka. Mimi nilikwenda kwa sababu ya mjomba wangu. Nilitaka anione. Nilitaka kila majira yakibadilika ajue kwamba nimo njiani nakuja.

Baba yangu alikuwa fundi seremala katika shamba moja la mkonge karibu na Korogwe. Alitengeneza meza za ofisini, vitanda vya mameneja, milango ya maghala, na katika miaka yote hiyo sisi nyumbani kwetu Handeni tulikuwa na mlango wa fito zilizofungwa kwa kamba. Mama alimtania kwa hilo. Mwaka wa Uhuru baba akapata mbao za mninga, akaanza kutengeneza mlango wa kwake. Aliufanya Jumapili tu, kwa kuwa siku nyingine mikono yake ilikuwa ya shamba. Ulikuwa na mbao tano zilizosimama na mbili za kukingama kwa nyuma, na pete ya chuma ya kuuvutia. Ubao mmoja ulikuwa na kifundo kilichodondoka, pakabaki tundu. Baba akaliziba kwa kipande cha mti mweupe alichokichonga kama yai, akakisugua mpaka ukipitisha kidole husikii mahali mbao mbili zinapokutana. Mimi na watoto wenzangu tulipita tukiligusa lile yai kila tulipoingia, hata likawa linang'aa.

Lori la mkonge liliufikisha Mkata. Kutoka hapo wanaume wanne waliubeba kichwani hadi kwetu. Mmoja wa hao wanne alikuwa mjomba, kaka wa mama, baba mmoja mama mmoja. Nakumbuka alivyofika, shati limelowa, akacheka akasema, "Shemeji, huu mlango au mtumbwi?" Baba akampa kiti akae wa kwanza.

Baba alifariki kabla sijamaliza shule ya kati. Tulimzika nyuma ya nyumba, upande wa shamba la muhogo. Mama akabaki pale peke yake, mimi nikiwa shule ya bweni, na alikuwa akisema haogopi kitu kwa kuwa akifunga mlango wake anajisikia kama mume wake amesimama nje.

Kisha ikaja amri ya watu kuhamia kwenye vijiji vya ujamaa. Kwetu nyumba zilikuwa mbali mbali, kila mtu na shamba lake, na kijiji kipya kilipimwa karibu na njia ya gari. Mjomba akachaguliwa mwenyekiti. Alikuwa anaongea vizuri, alijua kusoma, na watu walimpenda. Watu wakaambiwa wabomoe wenyewe, wabebe miti yao, milango yao na mabati yao kwa wachache waliokuwa nayo, wakajenge upya kwenye mistari.

Wakati huo mimi nilikuwa mwaka wa pili chuo cha ualimu. Nikashikwa na malaria mbaya, nikalazwa, mama akaitwa. Kabla hajaondoka alikwenda kwa kaka yake. Haya alinisimulia yeye mwenyewe akiwa amekaa pembeni ya kitanda changu.

"Nimemwambia, kaka, naenda kumwona mtoto. Nyumba yangu msiiguse mpaka nirudi, nitabomoa mwenyewe. Akaniambia, nenda dada, nani ataigusa nyumba yako nami nipo?"

Mama alikaa nami siku tisa. Aliporudi alikuta kuta zimesukumwa, paa la nyasi limeungua, majivu yamepeperuka mpaka juu ya kaburi la baba. Vyungu vilikuwa vimepasuka. Mjomba alimpokea kwa huzuni. Akasema mgambo walikuja na lori kutoka wilayani, walikuwa na haraka, yeye alikuwa upande mwingine, alipofika akakuta moto.

"Na mlango?" mama akauliza.

"Mlango nao umeungua, dada."

Wakampa mama kiwanja cha mwisho kwenye mstari, mahali pa bondeni ambapo maji hukusanyika. Akajenga kibanda, mlangoni akatundika gunia. Masika ile fisi aliingia akachukua mbuzi mmoja kati ya watatu aliokuwa nao, na maji yakaingia mpaka kitandani, mama akapata kichomi kilichomwacha na kikohozi mpaka leo. Mimi nilikuwa chuoni nikisoma namna ya kufundisha watoto nyimbo za kujitegemea.

Nilipata likizo mwezi wa sita. Kulikuwa na upepo wa baridi na anga ilikuwa nyeupe. Nilifika kijijini, nikamsalimu mama, kisha kama ilivyo desturi nikaenda kumwamkia mjomba. Kwetu mjomba ni mtu mkubwa. Ndiye anayeulizwa ukiolewa, ndiye anayesimama ukifiwa. Alikuwa amejenga nyumba ya bati, ya kwanza pale kijijini, na upande mmoja wa nyumba ulikuwa ofisi yake. Nilifika mbele ya ofisi hiyo nikasimama.

Mlango wa baba ulikuwa umesimama pale.

Sikupiga hodi. Niliinua mkono nikaweka kidole gumba juu ya lile yai jeupe, nikalisikia lilivyo laini, na nikakaa hivyo mpaka mjomba mwenyewe akafungua kutoka ndani, nikabaki kidole kipo hewani.

"Ah, mwanangu! Umefika lini?"

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Karibu, karibu ndani."

"Mjomba, mlango huu umetoka wapi?"

Aliutazama mlango kama vile na yeye ndiyo kwanza anauona. "Huu? Huu ni wa kijiji. Vitu vilivyobaki kule porini vilikusanywa. Hapa ni ofisi, si unaona? Ni mali ya wote."

"Mama ulimwambia umeungua."

Akashusha sauti. "Wewe umesoma, mwanangu. Unajua siasa yetu inataka nini. Usije hapa na mambo ya changu na changu."

Nilirudi kwa mama mbio. Nilimkuta anachambua kunde kwenye ungo. Nilimweleza. Hakuinua hata uso.

"Nimeuona," akasema. "Niliuona siku ile ile walipoutia bawaba."

"Na ukanyamaza?"

"Ni kaka yangu. Sina mwingine. Nikimshitaki, siku nikifa nani atashika jeneza langu? Wewe mwanamke?"

Akanikataza nisiliseme popote. Sikumsikiliza. Nilishuka Mkata kwa katibu kata, nikamweleza. Aliandika kwenye daftari, polepole, akaniambia kijiji cha mjomba kinasifiwa hadi wilayani, akaniuliza kama nimeshapangiwa shule. Niliona daftari linafungwa, nikajua jambo langu limefungwa nalo.

Nikiwa ndani ya basi kurudi Korogwe niliamua. Sitampigia mtu kelele tena. Nitakuwa mpwa mwema. Nitakwenda kumwamkia mjomba wangu kila likizo, mvua inyeshe, jua liwake, na hakuna mtu duniani atakayeweza kunilaumu kwa hilo.

Mpwa kwetu huingia kwa mjomba bila kungoja kukaribishwa. Mimi sikuingia hivyo. Nilisimama nje ya mlango wa baba nikapiga hodi, na mke wa mjomba akija kufungua nilimwambia kwa adabu, "Hapana mama, usijisumbue, nimekuja kumwamkia mjomba, naomba anifungulie yeye." Mwanzoni alicheka. Baadaye akawa hasogei kabisa. Akisikia sauti yangu alikwenda jikoni.

Nilianza kuyajua majira kwa ule mlango. Baba aliupimia nyumba yetu, iliyokuwa na baraza pana, mvua haikuufikia. Mjomba aliutundika bila baraza, kwenye fremu iliyopigwa na mtu asiyejua kazi. Masika ulivimba. Nilifika mwezi wa nne, nimelowa, matope yamepanda magotini, nikapiga hodi. Nikamsikia mjomba anavuta. Anavuta, anapumzika, anavuta tena. Mlango ukafunguka kwa kishindo na yeye akatokea anahema.

"Huu mlango unanitesa," akasema. "Nitamwita fundi aupige randa."

"Mjomba," nikasema, maji yakinitiririka usoni, "randa ikigusa mlango huu, nitasimama kwenye mkutano wa kijiji niseme ni wa nani na wewe ulimwambia nini dada yako."

Alinitazama. Nadhani ndiyo siku aliyoelewa kwamba sikuja kumwamkia.

"Wewe ni mtoto mbaya," akasema.

"Ndiyo mjomba. Naweza kuingia? Nimelowa."

Randa haikupita. Masika ile na masika zilizofuata, nilikuwa shuleni Korogwe nafundisha hesabu huku mvua inapiga bati, na ndani ya moyo wangu nilimwona anavuta ile pete ya chuma asubuhi, mchana na jioni. Nilikuwa nafurahi peke yangu mbele ya watoto hamsini.

Kiangazi mbao zilisinyaa. Kati ya ubao na ubao palifunguka nafasi, mtu akikaa nje anaona ndani. Nilikuja mwezi wa kumi na mbili, nikakaa kwenye kigoda nje, nikaongea naye kupitia zile nyufa hata baada ya yeye kuingia ndani. Niliona anavyokaa, anavyokula, ana karatasi ngapi mezani. Mke wake akatundika khanga kwa ndani. Likizo iliyofuata nilimletea mke wa mjomba zawadi ya khanga mpya, nikasema, "Mama, nimeona ile ya mlangoni imepauka." Alipokea bila kunitazama.

Vuli ndiyo niliyoipenda kuliko zote, kwa sababu ndipo wageni wa serikali walipokuja kukagua mashamba ya kijiji kabla ya kupanda. Mara moja niliomba ruhusa shuleni nikaja siku hiyo hasa. Mabwana wawili kutoka wilayani walikuwa wamesimama nje ya ofisi, mjomba anawaeleza habari za ekari na mbegu. Nikapita katikati yao kwa heshima, nikaweka mkono juu ya mlango.

"Shikamooni wazee. Mnaona kazi hii? Aliifanya marehemu baba yangu. Mjomba anatutunzia."

Mmoja wao akaukaribia, akaupapasa. "Mninga huu! Kazi nzuri sana. Mwenyekiti, ulikuwa na shemeji fundi."

"Alikuwa fundi kweli," mjomba akasema. Jasho lilikuwa linamtoka juu ya mdomo. Siku nzima aliwatembeza wageni mashambani, na mimi nikawafuata nyuma, kimya, nimeshika mikono yangu kwa adabu, ili kila akigeuka anikute.

Mama alijua ninachokifanya. Alinisihi niache. Aliniambia nimekuwa kama mtu anayekwaruza kidonda cha mwenzake kwa ukucha. Nilimjibu kwamba kidonda kile kilikuwa chetu. Naye akakohoa, na kila alipokohoa nilihesabu tena siku za kwenda kwa mjomba.

Hali ilikuwa hivyo kwa miaka kadhaa, mpaka masika moja ya mvua nyingi kuliko zote. Nilifika saa nne asubuhi. Mlango ulikuwa umevimba mpaka umekula ndani ya fremu. Nikapiga hodi.

"Ngoja," mjomba akasema kutoka ndani. "Nakuja. Ngoja."

Akavuta. Haukutikisika. Nikamsikia anaweka mguu ukutani ili apate nguvu. Sikusukuma. Ningeweza kusukuma kutoka nje, tungeufungua pamoja mara moja. Nilisimama na mikono yangu chini. Akavuta tena, na pete ya chuma ikang'oka ghafla, nikasikia kishindo, kisha sauti ya kitu kama kuni kavu inayovunjwa, kisha mjomba akapiga ukelele.

Hapo ndipo niliposukuma. Nilisukuma kwa bega mara tatu, mlango ukaachia. Mjomba alikuwa chini, ameangukia kinu, pete bado iko mkononi mwake, na mguu wake wa kushoto umepinda mahali ambapo mguu haupindi.

Nitasema kweli nilichokisikia, kwa kuwa nimeanza kusema. Kitu cha kwanza kilikuwa utamu. Ulinishuka kooni kama maji baridi. Nikasimama pale kizingitini nikamwambia, "Shikamoo mjomba." Naye, akiwa chini, meno ameyakaza kwa maumivu, akajibu, "Marahaba." Nadhani mazoea tu yalimjibisha.

Kisha nikaanza kufanya kazi. Niliita watu, tukafunga miti miwili na blanketi, tukambeba hadi Mkata ndani ya mvua. Tukapata gari la kwenda Korogwe, akalazwa hospitali, mguu ukafungwa plasta. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa naishi Korogwe, mimi ndiye niliyempelekea chakula. Uji asubuhi, ugali na dagaa mchana. Nilimlisha wiki sita. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walinisifu. "Mzee, una binti mwema," walimwambia. Yeye alitazama dari.

Wiki ya pili akaniambia, "Chukua mlango wako. Nikirudi nitautoa, uende nao popote. Umeshinda."

"Siutaki mlango."

"Unataka nini basi?"

"Nataka useme. Kwenye mkutano, watu wote wakiwapo, na mama akiwapo. Useme ulimwambia utalinda nyumba yake, na ukachukua mlango kabla moto haujawashwa."

Kisha akaniambia jambo nisilolijua. Alisema mgambo hawakuja kwa ghafla. Aliwangoja. Aliwaambia nyumba ile haina mtu. Alishautoa mlango asubuhi yake kwa mikono yake mwenyewe, kwa kuwa alikuwa ameutamani tangu siku ile aliyoubeba kutoka Mkata. "Njia nzima ulikuwa kichwani kwangu," akasema. "Nilikuwa naisikia harufu yake."

"Na hilo nalo utalisema," nikamwambia, nikakusanya sahani zangu.

Alilisema. Ilikuwa kipupwe, baada ya mavuno, mbele ya ghala la kijiji. Alisimama na magongo yake mawili. Katibu kata alikuwepo, yule yule wa daftari. Mama alikaa mbele kwenye mkeka pamoja na wanawake, mimi nilisimama nyuma. Mjomba hakupamba maneno. Alisema yote, hata habari ya kuwangoja mgambo. Alipomaliza akasema, "Namwomba dada yangu radhi," akabaki amesimama.

Nilikuwa nimeisubiri dakika ile kwa miaka. Nilidhani watu watamlaani, au watamhurumia, na ningeridhika na lolote. Kilichotokea sikukitarajia. Mzee mmoja aliinuka kule pembeni akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na mabati yangu mawili je, mwenyekiti?"

Mwanamke akainuka. "Na cherehani yangu? Uliniambia imeanguka kwenye lori."

"Na mizinga yangu sita ya nyuki?"

"Na kitanda cha marehemu mama?"

Wakainuka mmoja baada ya mwingine. Kumbe kila mmoja alikuwa na lake, alikuwa amelikalia kimya. Mjomba alijaribu kujibu mawili matatu, kisha akaacha. Katibu kata alipiga meza, hakuna aliyemsikia. Nikamwona mama anavuta khanga yake juu ya kichwa, anafunika uso, anainuka na kuondoka katikati ya kelele akipita karibu kabisa na kaka yake. Hakumtazama, wala mimi hakunitazama.

Nilimfuata hadi nyumbani. Alikuwa amekaa juu ya kitanda.

"Umeridhika?" akaniuliza.

Ningeweza kumdanganya. "Bado, mama."

"Basi usiseme na mimi."

Na hakusema na mimi. Nilikuja kiangazi, akaniwekea chakula bila neno. Nilikuja masika, vivyo hivyo. Uchaguzi ulipofika hakuna aliyemnyanyulia mjomba mkono, hata mke wake alikuwa ameshakwenda kwao Kabuku kwa muda. Akahama ile nyumba ya bati, maana wanakijiji walisema ilijengwa kwa jasho lao na sasa iwe ofisi kweli. Akajenga kibanda kidogo karibu na mama. Mama akawa anampelekea bada kila siku, anakaa naye anazungumza naye, nami nawasikia kutoka uani wakicheka juu ya mambo ya utoto wao.

Mlango mama aliukataa. Wanaume walimletea, akawaambia hauingii kwake, umeshapita mikono mingi. Mimi nilikuwa na chumba cha kupanga Kwamndolwa, nyumba ya watu, nisingeweza kuutia popote. Mkutano ukaamua uwekwe kwenye darasa jipya la shule ya msingi. Nikiwa mwalimu ningepinga vipi? Nilipokuja vuli niliukuta umeshatundikwa. Fundi wa kijiji alikuwa ameupiga randa pande zote mbili, umekaa vizuri, unafunguka kwa kidole. Hakuna aliyeniuliza. Mjomba aliniambia siku ya kwanza kwamba ni mali ya wote, na sasa imekuwa hivyo, na watoto wasiomjua baba wanaingia na kutoka wakiupiga mateke.

Vuli hiyo hiyo mama alinisemesha. Nilikuwa napepeta mahindi, akasema, "Upepo unatoka huku, geuka." Basi. Nikageuka. Jioni akaniuliza habari za shule, tukaongea kidogo kidogo kama watu wanaofahamiana kwa mbali.

Sikuacha kwenda. Wenzangu waliendelea kushangaa, na yule mama wa Kishambaa alikuja nami mara moja, kipupwe, akala mahindi ya kuchoma na akasema kwetu ni kuzuri. Mjomba nilimwamkia kila nilipofika, akaniitikia. Sikumsamehe. Niliyataka matokeo yale na niliyapata, na yalipokuja yalikuja na mengine ambayo sikuyaagiza, lakini nikijiuliza kama ningerudia, jibu halibadiliki.

Mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa masika. Nilikuwa narudi Korogwe na kikapu kizito, mihogo na maboga ambayo mama amenijazia. Mjomba akatoka kwenye kibanda chake akichechemea, fimbo mkononi.

"Nakusindikiza, mwanangu."

"Njia ina matope, mjomba."

"Naijua."

Akainama, akachukua kikapu, akajitwika kichwani. Shingo yake ilitetemeka mpaka kikapu kilipotulia. Tukaondoka, yeye mbele mimi nyuma. Mguu wake mbovu uliteleza kwenye kila dimbwi, na mara mbili alisimama kupumua, fimbo imezama kwenye udongo. Watu waliokuwa mashambani wakipalilia walinyoosha migongo wakatutazama, kijana mwenye miguu mizima nyuma ya mzee kilema mwenye mzigo. Mwanamke mmoja akaniita kwa mbali, "Mwalimu, si umpokee?"

Sikumpokea. Nilimwacha abebe mpaka Mkata, mpaka kwenye mlango wa basi, na utingo ndiye aliyemtua.

"Haya, mwanangu," mjomba akasema, anapangusa uso. "Utakuja lini tena?"

"Vuli," nikamjibu, nikapanda.